TV ya inchi 65 kwa bei ya haki: ipi uanze nayo, ipi uiache dukani

Ukiingia Kariakoo au Luthuli Avenue kutafuta TV, muuzaji atakuuliza kwanza: inchi ngapi? Ukimjibu tu, biashara imekwisha, maana TV mbili za inchi 65 zilizopangwa ukuta mmoja zinaweza kupishana bei mara mbili, na ya bei kubwa isiwe ndiyo bora. Nafuu ya kweli kwa sasa iko sehemu moja: toleo la mwaka uliopita, la kampuni inayojulikana, lenye waranti inayoheshimiwa hapa hapa ulipo.

Pima kabla ya kuulizia bei

Inchi hupimwa kona hadi kona. Inchi 55 ni sentimita 140, 65 ni 165, na 75 ni karibu 190. Kwa TV ya 4K (yenye nukta nyingi mara nne ya Full HD), kaa umbali wa mara 1.2 hadi 1.5 ya kipimo hicho: mita 1.7 hadi 2.1 kwa 55, mita 2 hadi 2.5 kwa 65, mita 2.3 hadi 2.9 kwa 75. Kama kochi lako liko mita 2.5 kutoka ukutani, 65 ndiyo saizi yako. Ila kama unachotazama zaidi ni chaneli za king'amuzi zisizo HD, rudi nyuma kidogo au shuka saizi, kwa sababu kioo kikubwa kinazianika zilivyo.

Pima na meza. Inchi 65 ina upana wa sentimita 144 hivi na kimo cha 81 bila fremu, na siku hizi miguu huwekwa huku na huku pembeni badala ya katikati. Meza ya TV ya mita moja haitoshi.

Kulinganisha bei kati ya saizi kuna hesabu rahisi. Eneo la kioo cha 65 ni kubwa kuliko la 55 kwa asilimia 40. La 75 linalizidi la 65 kwa asilimia 33. Ikiwa ya 55 inauzwa milioni 1.2, basi ya 65 ya mfululizo uleule ikiwa chini ya milioni 1.68 unapata kioo kingi zaidi kwa kila shilingi. Ikipita hapo, unalipia sifa ya ukubwa.

Soma namba ya modeli, usisome stika

Stika ya mbele imeandikwa na mtu wa matangazo. Namba ya modeli nyuma ya TV na ubavuni mwa boksi ndiyo yenye habari.

Kwa Samsung, herufi mbili za mwanzo zinataja soko: UA na QA ni za Afrika, Mashariki ya Kati na Asia, UE na QE ni za Ulaya, UN na QN ni za Marekani. Herufi inayofuata ukubwa ni mwaka: A ni 2021, B ni 2022, C ni 2023, D ni 2024. Kwa hiyo UA65DU7000 ni ya inchi 65, ya soko letu, ya 2024. Kwenye QLED zao herufi ya mwaka huja mwisho, kama Q60D. LG wana UQ kwa 2022, UR kwa 2023 na UT kwa 2024. Hisense wana A6H, A6K, A6N na A6Q, kuanzia 2022 hadi 2025. TCL ni C635, C645, C655, kisha C6K ya 2025.

Faida ya kujua haya ni kwamba kwenye daraja la chini na la kati, tofauti ya toleo moja na linalofuata mara nyingi ni ndogo kuliko tofauti ya bei zake. Mzigo mpya ukishaingia, wa zamani lazima utoke. Hapo ndipo unapobana bei, na pia wakati wa ofa za Novemba. Wiki za karibu na mashindano makubwa ya mpira zina mabango mengi ya ofa, na AFCON 2027 ya Kenya, Tanzania na Uganda haitakuwa tofauti. Andika bei ya modeli yako miezi miwili kabla ili ujue kama punguzo ni punguzo kweli. Toleo lililozidi miaka mitatu liache, hata likiwa kwenye boksi: masasisho ya programu yanakatika mapema kuliko kioo kinavyokufa.

Mpangilio wetu

Ya kwanza ni QLED ya kawaida ya toleo lililopita, mfano TCL C645 au C655, au Hisense Q6N na Q7N. QLED si OLED, ingawa majina yanafanana kama mapacha. Hii ni TV ya LED ya kawaida iliyoongezewa tabaka linalofanya rangi ziwe safi na kali zaidi, jambo ambalo jicho linaliona mara moja. TCL huja na Google TV, Hisense huja na VIDAA. Google TV ina programu nyingi zaidi. VIDAA ni nyepesi lakini orodha yake ni fupi, kwa hiyo kabla ya kulipa, mwambie muuzaji aiunganishe na intaneti ya simu yako na utafute kwa jina kila programu unayoitumia. Upungufu wa QLED hizi: nyingi ni 60Hz, yaani picha 60 kwa sekunde, hata kama boksi linataja 120 kwa jina jingine lolote.

Ya pili ni 4K ya kawaida ya kampuni kubwa: Hisense A6, TCL P655, LG UR au UT, Samsung CU7000 au DU7000. Kazi inafanyika, bei inavumilika. Majina kama Crystal ni ya biashara, usiyalipie. HDR (picha yenye tofauti kubwa zaidi ya mwanga na giza) nayo kwenye daraja hili ni nembo tu: TV inaipokea ishara ya HDR, lakini kwa mwanga wa niti (kipimo cha mwanga wa kioo) 300 hivi haina uwezo wa kukuonyesha tofauti. Kati ya hizi, angalia aina ya kioo. Kioo cha VA kina weusi mzuri lakini rangi hupauka ukikaa pembeni. Cha IPS hutazamika vizuri kutoka pembeni ila weusi wake ni wa kijivu. Sebule ambayo watu wanajaa hadi kwenye mkeka pembeni siku ya Simba na Yanga inafaa IPS.

Ya tatu ni Mini LED, kama Hisense U7 au TCL C755 na C805. Taa za nyuma zimegawanywa kanda nyingi zinazowaka na kuzima kila moja kivyake, mwanga ni mkali hata mchana madirisha yakiwa wazi, na kioo ni cha 120Hz au 144Hz cha kweli, kwa hiyo mpira hauachi mkia ukipigwa pasi ndefu. Mwenye PS5 aanzie hapa, na achomeke waya kwenye tundu la HDMI 2.1, kwani si matundu yote ya TV moja yana uwezo huo. Tumeiweka ya tatu kwa sababu ya bei tu. Toleo lililopita likishuka bei hadi likaizidi QLED kwa asilimia 30 au pungufu, linapanda kuwa la kwanza bila mjadala.

OLED ni ya nne, na wapo watakaotushangaa. Kwa filamu za usiku haina mpinzani: kila nukta inajiwasha na kujizima yenyewe. Lakini nyumba ambayo TV inawashwa asubuhi na kuzimwa usiku wa manane kwenye chaneli ileile, nembo ya chaneli na ubao wa matokeo vinaweza kujichora kwenye kioo visitoke tena, na waranti nyingi hazilipii hilo.

TV za mtumba kutoka Ulaya na Ghuba zinafuata. Umeme wake ni wa volti 220 hadi 240 kama wetu. Shida ni kwamba hakuna anayejua taa za ndani zimewaka saa ngapi. Kioo chenye wingu la bluu au zambarau, au vidoti vyeupe vya mviringo, kinakuambia taa zimechoka au vifuniko vyake vimebanduka.

Za mwisho ni mbili. Moja ni ile TV ya jina usilowahi kulisikia, inchi 65, smart, 4K, bei ya kutupa. Ndani mara nyingi ina RAM ya GB 1, hifadhi ya GB 8 na Android ya simu iliyovalishwa sura ya TV. Kwa kuwa haina idhini ya Netflix, filamu huonyeshwa kwa ubora wa 480p hata kama kioo ni cha 4K. Taa zake husukumwa umeme mwingi ili zing'ae dukani, na ndiyo sababu huungua mapema. Fundi akibadilisha mikanda ya LED, mwambie apunguze na mkondo, la sivyo utarudi kwake. Nyingine ni ile anayotuma ndugu aliyeko Marekani. Soma kibandiko cha nyuma: kikisema 120V~ 60Hz, ukiichomeka kwenye soketi yetu ya volti 230 bodi ya umeme inakufa papo hapo. Hata ikiwa ya 100-240V, kipokezi chake ni cha ATSC, mfumo wa antena wa Marekani, hakikamati matangazo ya DVB-T2 yanayotumika hapa, hivyo utaitumia kwa king'amuzi au intaneti pekee.

Dakika 20 za dukani

Nenda na futi ya kupimia na flashi. Weka kwenye flashi picha za rangi moja zinazojaza kioo: nyeupe, nyeusi, kijivu, nyekundu, kijani, bluu. Ongeza video ya 4K isiyozidi GB 4, maana flashi ya FAT32 haibebi faili kubwa zaidi ya hapo. Boksi lifunguliwe mbele yako na iwashwe ile ile utakayoondoka nayo, si ya maonyesho.

Nyeupe na rangi nyingine zitakuonyesha nukta zilizokufa. Nyeusi, taa za duka zikipunguzwa, itaonyesha mwanga unaovuja kwenye kona. Kijivu na kijani ndizo muhimu zaidi, na watu huziruka: kama kioo kina mabaka au mistari minene ya giza, hutayaona kwenye filamu, lakini kamera ikifuata mpira uwanjani utaona kama nyasi zina madoa yanayotembea. Kasoro hiyo haina fundi. Kisha simama pembeni, pima ulalo kwa futi, linganisha namba ya mfululizo (serial) ya boksi, ya kibandiko na ya kwenye mipangilio. Zote tatu zifanane.

Geuza nyuma uone matundu. Wengi wana sabufa ya waya mwekundu na mweupe, na TV nyingi mpya hazina tundu la kutolea sauti hiyo. Zina HDMI ARC (tundu la HDMI linalotoa pia sauti), optiko na Bluetooth. Kifaa cha kubadilisha optiko kuwa waya mwekundu na mweupe si ghali, ila ni afadhali ukijumuishe kwenye bei.

Dai risiti ya EFD (ya mashine ya kodi) yenye namba ya modeli, na kadi ya waranti iliyogongwa muhuri. Uliza waranti inashughulikiwa wapi, na kama kioo kimo. Kioo kilichopasuka na hitilafu ya umeme kwa kawaida havimo, na kioo kipya bei yake inakaribia ya TV nzima.

Kuifikisha na kuiwasha

Ibebe wima, watu wawili, mikono chini ya fremu, kamwe usishike katikati ya kioo. Kwenye kirikuu isimamishwe ikiegemea godoro na ifungwe kamba; ikilazwa, shimo moja la barabarani linatosha kukipasua kioo bila boksi kuonyesha alama yoyote.

Ukiifunga ukutani, pima mashimo ya VESA (ya kufungia braketi mgongoni mwa TV) kabla ya kununua braketi. Saizi hii inaweza kuwa milimita 400 kwa 300 na skrubu za M6 au M8, uzito kilo 15 hadi 25. Katikati ya kioo pawe sentimita 100 hadi 110 kutoka sakafuni. Ukuta wa tofali lenye matundu unahitaji bolti za kutanuka zilizoingia kwenye zege au tofali gumu. Plagi za plastiki peke yake zitachomoka.

Kuhusu umeme, TV guard hukata umeme ukipanda au kushuka mno na husubiri kabla ya kuurudisha. Haiunyooshi; kama mtaani kwenu umeme ni mdogo kila jioni, unahitaji stabilaiza. Na hakuna kimoja kati ya hivyo kinachozuia radi inayopita kwenye waya wa dishi, ikaingia king'amuzi na kuunguza tundu la HDMI. Mvua ikianza kunguruma, chomoa waya wa dishi pamoja na plagi.

TV ya LED ya inchi 65 hula wati 130 hivi. Kwa saa sita kwa siku ni uniti 23 kwa mwezi, karibu shilingi 8,300 kwa LUKU ya Tanzania ya shilingi 356 kwa uniti. Aliye kwenye tarifu ndogo ya uniti 75 kwa mwezi ajue kwamba karibu theluthi moja imeondoka. Ukishaiwasha, toa hali ya dukani na ile ya rangi kali, weka ya kawaida au ya filamu, kisha shusha mwanga wa nyuma hadi 60 au 70. Uniti zinapungua, na taa za ndani zinadumu zaidi.