Ziara ya kutazama samaki, Kigoma: imefana, ila maelezo yamezidi kipimo

Miwani ya kuzamia haivuji. Nendeni asubuhi, kabla upepo haujatibua maji.

Uhondo wenyewe ni samaki mla magamba ya samaki wengine, Perissodus microlepis, mwenye mdomo uliopinda upande. Aliyepinda kulia hung'ata ubavu wa kushoto wa windo lake. Wa aina hiyo wakizidi, mawindo hujihami upande ule. Waliopinda kushoto hushiba, huzaa zaidi, na mizani hurudi. Uteuzi asilia, yaani wenye sifa zinazofaa kuishi na kuzaa zaidi, unaeleza hilo barabara, na mwongozaji analimudu vizuri mno.

Kosa lake ni kudai nadharia hiyohiyo inaeleza uhai ulivyoanza. Hapana! Uteuzi huhitaji viumbe ambao tayari wanazaana na kurithishana sifa. Chanzo cha uhai kinachunguzwa zaidi kwa kemia. Wanafunzi humsikiliza, arekebishe.