Munganga wa pua hapa Lubumbashi: anakataa kupita vile anakata

Naandika hii juu kila mara kuko muntu ananiuliza inbox kama mudogo wangu alifanyia pua wapi, India ao Afrika Kusini, na mi najibu tu hapahapa Lubumbashi. Jina ya munganga sitaiweka, ye mwenyewe hapendi mambo ya kujitangaza, na benye kumuhitaji banamupataka tu.

Mudogo alikuwa na shida mbili. Kwanza alianguka na pikipiki kitambo, pua ikavunjika ikapona vibaya, ule ukuta wa kati ukapinda, tundu ya kuume hewa haipite, usiku anakoroma mpaka tunamutupia mito. Ya pili, na hii njo ilimusukuma kwenda, alitaka ncha ikuwe ndogo na matundu yafinyike, foto ya star fulani alikuwa nayo tayari mu telefone, ameikuza vizuri.

Munganga aliitazama kidogo akairudisha. Akamuuliza, na weye foto zako zenye zinakukasirisha, unajipigaka telefone iko wapi? Mudogo akanyoosha mukono. Njo akatueleza kama telefone ikiwa karibu na uso inadanganya, kuko utafiti ulitoka Marekani 2018 wenye ulionyesha kama selfi ya umbali wa sentimita 30 inapanua pua karibu 30%, na ukirudi nyuma kama metre moja na nusu ule uongo unaisha. Ye akampiga foto kutoka mbali, mbele, pembeni, na nyingine kichwa kimeinuliwa, akamuwekea ile na ile ku ordinateur. Mudogo akanyamaza! Foto moja ikamupunguzia nusu ya malalamiko, bure, hakuna dawa.

Kisha akaanza na hewa. Alimufunga tundu moja akamuambia avute, akahamia ingine, akamuvuta shavu pembeni na kidole aone kama njia inafunguka, akamulika ndani na taa. Mule ndani alikaa muda murefu kuliko inje, na kwangu mi hii njo ilinifanya nimuamini, juu tulikuwa tumeenda kwingine mbele, jina sitasema, kule banaangalia pua toka mbali kama banapima gunia, banakutajia bei.

Sasa ile mambo ya ngozi, hapa njo muntu asome polepole. Bengi yetu tuko na ngozi nzito ku ncha ya pua. Unafikiri munganga akikata mifupa mingi ndani pua itakuwa nyembamba, kumbe hapana, ni kama blanketi juu ya kiti, ukitoa kiti blanketi haijikaze, inaanguka tu. Unabaki na ncha ya mviringo haina sura. Kwa hiyo ye anajenga, hakati sana. Anatoa kipande cha ule mufupa laini wa ukuta wa kati (ule wenye ulikuwa umepinda, unaona, kazi moja inalipa mbili), anaunyoosha, anausimamisha ndani ya ncha kama nguzo. Lakini hauchukue wote, lazima abakishe karibu sentimita 1 mbele na juu, bila hiyo pua inabomoka yenyewe mbele ya safari. Kama haitoshi anatafuta ku sikio, na kama bado, ku mbavu. Silikoni, ile plastiki ya kuweka ndani ya pua, anakataa kabisa, anasema hata miaka ikipita inaweza kusogea, ao kushika mikrobe, ao kutokea ku ngozi. Kuko bantu banaitumia sana na bamoja iko sawa, sikatai, ila mi ningekuwa mwenye pua ningefuata huyu.

Mama alikuwa amekaa pale na kibegi ku magoti, Kifaransa ya munganga inapita mbio, mwishoni akasema, "Dokta, utuambie na Kiswahili, huyu mutoto ni wangu." Akacheka, akaanza upya yote, mbio ikaisha. Point kwa mama.

Matundu kuyafinya alikataa siku ileile. Kovu yake inakaaga ku mukunjo wa pembeni ya pua, na ye alimuangalia kwanza masikio, pale alipotoboa hereni, kisha bega, pale pa chanjo ya BCG, ile ya kifua kikuu. Kovu ya bega imevimba kidogo, ngumu. Akamuambia, na ngozi yenye inafanya hivi, hapo pa pua sitakata. Mudogo alilia kidogo mu gari, nisidanganye. Tena akamuachisha mafuta ya kung'arisha ngozi, ile yenye iko na kortizoni, juu inapunguza ngozi nguvu na kidonda kinachelewa.

Operesheni yenyewe ni ya kulala kabisa. Aliingia kwa njia ya wazi, kaalama kadogo katikati ya matundu mawili, leo unaitafuta. Atele ya pua, kile kigumu cha kuishikilia kwa inje, walitoa kama baada ya wiki moja, macho yalikuwa meusi, kulala kichwa juu, kupenga pua marufuku, miwani marufuku. Alimukatalia kufanya mu kiangazi, anasema ile mavumbi ya hapa itamufanya apige chafya kutwa nzima. Uvimbe mukubwa unashuka mu wiki za kwanza, lakini ku ncha, na ngozi nzito, mwaka muzima ao na zaidi, na kabla ya mwaka hagusi tena hata umulilie.

Ya kulalamika iko. Kungoja, aii mama, saa zinapita, rendez-vous ya asubuhi unaingia saa saba. Bei walitupa kwa dola, kumbe munganga wa kulaza, ule wa dawa ya usingizi, unamulipa pembeni, laboratwari pembeni, kila mara kakaratasi kapya. Na kitu kingine, foto za bagonjwa zenye anaonyesha nyingi ni za miezi mitatu. Muntu anakuambia pua yake itakaa vizuri kisha mwaka, basi atuonyeshe pua za mwaka, za miezi mitatu zinatusaidia nini? Nilimuambia, akasema bagonjwa bakipona habarudi. Inawezekana, lakini telefone iko.

Mudogo sasa anavuta hewa pande zote mbili, kukoroma kumekwisha. Ncha imesimama, ingali ngumu kidogo ukiigusa asubuhi. Matundu ni yaleyale ya baba, mama anasema afadhali. Kama unataka pua ya Mzungu, usipoteze makuta ya consultation, atakukatalia. Kama pua yako ilivunjika ao hewa haipite na unataka na sura itengenezwe kidogo, enda, lakini uliza bei yote siku ya kwanza, na ya kulaza ndani.