Nilipeleka taya, nikarudi na gego limechongwa

Sikwenda kliniki ile ya meno kuchongwa jino. Nilikwenda kwa sababu taya lilikuwa linalia tak kila nikipiga mwayo, na asubuhi naamka mashavu yamekaza kama nimetafuna usiku kucha. Sikio nalo linauma, ilhali lilishapimwa likaonekana zima. Mtu mwenye taya zima huingiza mdomoni vidole vitatu vilivyopangwa wima. Mimi viwili, tena kwa tabu.

Daktari hakunigusa taya. Hakuweka kidole mbele ya sikio asikie kiungo kinavyocheza, hakuuliza kama nasaga meno usingizini. Alinipa karatasi ya bluu, "uma, saga, uma tena," akaona vidoti vya rangi juu ya gego, akawasha mashine. Nikainua mkono.

"Daktari, unafanya nini?"

"Nasawazisha. Kwani dada, daktari ni mimi au ni wewe?"

Msaidizi wake akacheka! Kicheko kile kiliniuma kuliko mashine.

Jamani, enameli, lile gamba gumu la nje ya jino, haioti upya. Ikishachongwa, basi. Maumivu ya kiungo cha taya huanza kutibiwa kwa mambo unayoweza kuyaacha yasipokufaa: vyakula laini, kitambaa cha moto shavuni, mazoezi ya taya, kinga ya plastiki ya kuvaa kwenye meno usiku. Wengi hutulia kwa hayo tu. Sasa gego langu zima lilikuwa na kosa gani?

Na kinachonikera zaidi ni kwamba kinga waliyonitengenezea ni nzuri. Nzuri kweli! Imekaa sawasawa, haibani, haichezi, na mikwaruzo iliyojaa juu yake inaonyesha meno yangu yangeumizana kiasi gani. Mashavu yamelegea, naamka bila kichwa kuuma. Ile tak bado ipo, ila haina maumivu, na tak isiyouma haihitaji tiba. Kwa kinga peke yake ningewapa nyota nne. Fundi aliyeitengeneza, popote alipo, ubarikiwe.

Basi niseme nyota tatu. Lakini naandika hapa huku ulimi unalipapasa lile gego, kilima chake hakipo, na maji baridi yakipita hapo naruka. Tatu za nini? Moja, na hiyo ni ya fundi.

Ukilazimika kwenda, omba kinga kwanza, na useme kabla hujalala kwenye kiti kwamba hakuna kuchonga. Wakikucheka, shuka.