Uzoefu wangu: Nyumba ya James J. Hill na Barabara ya Summit kabla miti haijachipua

Watu watatu, wote wenyeji wa Minnesota, huku Marekani, wa miaka mingi kuliko mimi, walinishauri nisimpeleke mama mkwe wangu Barabara ya Summit mjini St. Paul mwezi Machi. Walisema nisubiri Juni, miti ivae majani na bustani zichanue. Sikuwasikiliza, kwa sababu mama alikuwa na tiketi ya kurudi Tanga mwanzoni mwa Aprili na hakukuwa na Juni ya kusubiri. Ninaandika tathmini hii kwa sababu naamini sasa kwamba washauri wangu walikosea, na kwamba anayetaka kuziona nyumba zenyewe, wala si bustani zake, aende wakati ule ule ambao kila mtu anaukimbia.

Siku yenyewe haikuwa na cha kuisifu. Mbingu ilikuwa na rangi ya maji yaliyooshea masufuria, theluji ya mwisho ilikuwa imerundikana kando ya barabara ikiwa nyeusi kwa mchanga na chumvi, na nyasi zilizojitokeza chini yake zilikuwa zimelala kama mkeka uliosahauliwa mvuani. Tulishuka kwenye basi karibu na Kanisa Kuu la Mtakatifu Paulo, ambalo kuba lake lilikuwa limemezwa nusu na ukungu, tukavuka barabara kuelekea namba 240, nyumba ya James J. Hill. Mama alikuwa amevaa koti langu la zamani juu ya dera, na kanga mbili shingoni.

Barabara ya Summit inaanzia hapo kanisani na kwenda maili nne na nusu hadi ukingo wa mto Mississippi, na sehemu kubwa ya urefu huo imepangwa nyumba zilizojengwa na matajiri wa karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20: wafanyabiashara wa mbao, wa reli, wa benki, pamoja na mawakili wao. Wakati wa kiangazi nimepita hapo kwa gari mara nyingi na, nikisema kweli, sikuwahi kuona zaidi ya vibaraza na milango. Majani huziba kila kitu kuanzia ghorofa ya pili kwenda juu. Machi hii, matawi yakiwa matupu, niliona kwa mara ya kwanza minara, mabomba ya moshi yaliyojengwa kwa matofali ya kupindapinda, madirisha madogo ya darini na vigae vya paa vilivyopangwa kama magamba ya samaki. Nyumba zilikuwa zimesimama wazi, hata nyufa zake na mabomba ya maji ya mvua yaliyopinda.

Nianze na kilichonikera ili nikimalize. Kwa ajili ya matembezi ya nje nilinunua programu ya simu, ya kampuni ambayo sitaitaja, inayosimulia habari za kila nyumba unapoikaribia. Dola chache nilizolipa hazikuniuma sana, ila sauti ilikuwa ikitangulia hatua zetu kwa nyumba mbili hivi, mara mbili ikatuambia tutazame kushoto wakati jengo lilikuwa kulia, na tulipokuwa tumesimama chini ya matawi makavu yanayotudondoshea maji ikatuhimiza tufurahie kivuli kizuri cha miti. Mama aliponiuliza mwanamke huyo anasema nini, nilimfasiria, akacheka mpaka akaegemea uzio wa watu. Nusu saa baadaye baridi iliimaliza betri ya simu yangu na sote tukapumzika.

Tofauti yake na ziara ya ndani ya nyumba ya Hill ni kubwa. Nyumba hiyo inasimamiwa na Chama cha Historia cha Minnesota, ambacho kiliichukua mwaka 1978. Kabla ya hapo, tangu 1925, ilikuwa mali ya Jimbo Kuu Katoliki, baada ya mabinti wa Hill kuinunua kutoka kwenye mirathi na kuitoa kama zawadi. James J. Hill alikuwa mwenye reli ya Great Northern, aliyoifikisha pwani ya Pasifiki mwaka 1893. Mwaka huo niliushika haraka, kwani ndio mwaka Wajerumani walipoanza kujenga reli ya Usambara kutoka Tanga, reli ambayo haikufika Moshi hadi 1911 na ambayo mama alikulia akisikia king'ora chake. Nilipomweleza hivyo alitazama picha ya mzee Hill ukutani, akasema: "Kumbe huyu ni wa reli. Basi twende tuone alikula nini."

Nyumba ilikamilika mwaka 1891 kwa gharama ya zaidi ya dola 931,000, hesabu inayojumuisha ujenzi, samani na bustani. Ina zaidi ya futi za mraba 36,000, mabafu 13, meko 22 za kuotea moto na ukumbi wa mapokezi wenye urefu wa karibu futi 100. Kwa nje ni ngome ya mawe ya mchanga mekundu yaliyochongwa kwa makusudi yabaki na mikwaruzo, na matao mazito mlangoni. Wapo wanaosema ni nyumba nzito na ya huzuni, na ninadhani wanaisema hivyo kwa sababu waliiona juani. Ikiwa imelowa, jiwe lake hugeuka kuwa na rangi ya nyama mbichi, na maji ya theluji inayoyeyuka yakiteremka katika mikwaruzo ile yanaonyesha kila pigo la patasi.

Ndani, kitu kilichonishika ni mbao. Mimi ni mtoto wa fundi seremala, na milango ya nakshi ya pwani yetu nimeipitishia vidole tangu utoto, kwa hiyo si rahisi mtu kunibabaisha kwa kuchonga. Nilibabaika. Kuta za ukumbi, nguzo na ngazi kuu zimevishwa mwaloni na mahogani zilizochongwa kwa kina hivi kwamba kivuli kinakaa ndani ya kila jani. Kwa kuwa mwanga wa siku ile ulikuwa hafifu na wa kijivu, haukuwa na mng'ao wa kuudanganya uso wa mbao, nami niliweza kusimama karibu na nguzo moja ya ngazi na kufuata kwa macho mahali patasi ilipoingia, ilipogeuka, na mahali ambapo fundi alibadilisha mkono kwa sababu nyuzi za mti zilimkatalia. Kugusa hairuhusiwi, jambo lililonitesa. Nyumbani kwetu ua huchongwa bapa na kurudiwa mpaka mlango ujae. Hapa kila kishada kimeachwa kiinuke peke yake, kama kwamba fundi alilipwa kwa kina cha shimo.

Kuna pia chumba cha picha chenye kimo cha ghorofa mbili, paa lake la kioo, na kinanda kikubwa cha mabomba. Mwongozaji wetu, bibi wa makamo mwenye sauti ya mwalimu, alitueleza kwamba nyumba ilijengwa ikiwa na taa za gesi na za umeme kwa pamoja, kwa kuwa wakati huo umeme ulikuwa mgeni na hapakuwa na mtu wa kuuamini usiku kucha.

Kundi letu lilikuwa na watu sita tu. Hii ndiyo faida ya pili ya msimu mbaya, na ndiyo iliyompa mama nafasi ya kuuliza. Tulikuwa katika chumba cha kulia, wengine wakishangaa dari, naye akanivuta mkono wa koti: "Mwanangu, muulize huyu mwenzangu, mapazia yote haya na vitambaa vya meza vilifuliwa na nani, na vilikauka wapi na baridi hii?" Nilisita, nikidhani ni swali dogo mno kwa mahali kama pale. Nilipolitafsiri, yule bibi alitabasamu kuliko alivyotabasamu asubuhi yote, akatuteremsha kwa ngazi za watumishi, ambazo ni nyembamba, hazina nakshi hata moja, na vidato vyake vimebonyea katikati, hadi chini ya ardhi penye matanuri ya kupasha nyumba joto na mahali pa kufulia. Mama alisimama pale muda mrefu kuliko aliosimama ukumbini. Aliuliza maji yalichotwa au yalikuja kwa bomba, aliuliza wasichana walilala wapi, na mwongozaji alijibu yote bila kuangalia saa, mimi nikitafsiri huku na huko. Akina bwana wawili waliokuwa nasi waliacha kupiga picha wakasikiliza.

Baada ya hapo tulitembea tena nje, bila ile sauti ya simu, hadi namba 312, nyumba ya mwaka 1858 ambayo ndiyo kongwe kuliko zote zilizosalia kwenye barabara hiyo, na ambayo ukitoka kwa Hill inaonekana kama mtu mwungwana aliyekaa kimya karibu na mpiga kelele. Makazi ya gavana yako mbali zaidi, namba 1006, lakini miguu ya mama ilikuwa imelowa na sikumlazimisha.

Kwa anayepanga kwenda: nunua tiketi ya ziara inayoongozwa, vaa viatu visivyopitisha maji, kwa kuwa madimbwi ya barafu iliyoyeyuka ndiyo adui wa kweli, na mjulishe mwongozaji mapema ikiwa una mzee, maana ngazi ni nyingi. Nyumba na mwongozaji nawapa nyota tano. Programu ya simu naipa moja, na hiyo ni kwa sababu ya kicheko. Mama amesharudi Tanga, na juzi aliponipigia aliniuliza kama miti imeshatoa majani. Nilimwambia ndiyo, tangu wiki iliyopita. "Basi haionekani tena," akasema, akabadilisha mazungumzo.