Mzimu na mpelelezi: riwaya ipi ya kutisha uinunue kwanza?

Niliwahi kununua riwaya moja nene, jalada jeusi, jina la mwandishi limechapwa kwa herufi za kumetameta. Maiti ya kwanza haikuchelewa, ya pili ikafuata, na mpelelezi alikuwa mtu mwenye akili zake. Nikakesha nayo. Karibu na mwisho mpelelezi akalala, marehemu akamjia ndotoni, akamtajia jina la muuaji. Basi, kesi imekwisha. Alama za viatu, mashahidi wanaojikanyaga, gari lililoonekana usiku, vyote vikafutwa na usingizi wa mtu mmoja.

Tangu siku hiyo, riwaya yoyote inayochanganya nguvu za giza na muuaji wa mfululizo naipima kwa swali moja: mzimu anamrahisishia mpelelezi kazi, au anamzidishia? Akimrahisishia, fedha yako ibaki mfukoni. Mzimu anayestahili kununuliwa huvuruga ushahidi, huwafanya mashahidi wakweli waonekane waongo, na humwacha mpelelezi na jambo asiloweza hata kuliandika kwenye ripoti.

Orodha yangu nimeipanga kwa kipimo hicho. Vitabu vyote vimeandikwa kwa Kiingereza, na kile kitakachokutoa jasho kwa lugha nitakitaja.

Namba moja ni The Shining Girls cha Lauren Beukes (2013). Beukes ni wa Afrika Kusini, lakini hadithi yake inatembea Chicago. Harper Curtis, mzururaji wa enzi za mdororo mkuu wa uchumi, anaingia katika nyumba ambayo kwa nje ni gofu tu, ila mlango wake unaweza kukutoa mwaka mwingine kabisa. Anaitumia kuwaua wanawake katika miongo tofauti, na kwenye maiti huacha kitu alichokitoa kwa mwingine. Kirby Mazrachi alishambuliwa mwaka 1989 akanusurika. Baadaye anajipenyeza kama mwanafunzi wa kazi katika gazeti la Chicago Sun-Times, ili apate kufukua mafaili ya mauaji ya zamani.

Tazama jinsi ushahidi unavyofanya kazi humo. Mwanamke aliyeuawa mwaka 1943 anakutwa na kadi ya mchezaji wa besiboli, Jackie Robinson. Robinson aliingia ligi kuu mwaka 1947. Jiweke nafasi ya anayeishika kadi ile: inagusika, ina picha, ina jina, na haiwezekani iwepo. Kadiri Kirby anavyokusanya ushahidi halali ndivyo anavyozidi kuonekana kichaa, na hapo ndipo mzimu anapokuwa ameifanya kazi yake. Muuaji unamjua tangu mwanzo, kwa hiyo anayetaka kubahatisha ni nani hatashiba. Fumbo ni vipi, na je, kuna atakayemsadiki binti huyu?

Hiki kinunue cha karatasi. Sura zinaruka mbele na nyuma, kila moja na tarehe yake, na utarudi kuzikagua mara nyingi. Nakala ya sauti niliijaribu nikiwa napika, nikapotea mara mbili kabla sufuria haijachemka.

Namba mbili, The Outsider cha Stephen King (2018), kingeshika nafasi ya kwanza kama kingeishia katikati. Mvulana wa miaka 11 ameuawa kinyama katika Flint City, mji wa kubuni huko Oklahoma. Alama za vidole na watu waliomwona vyote vinamwelekea Terry Maitland, mwalimu na kocha wa watoto, kipenzi cha mji. Mpelelezi Ralph Anderson anaagiza akamatwe hadharani, mechi ikiendelea, familia yake ikitazama. Kisha inaibuka video: wakati wa mauaji Terry alikuwa mji mwingine kwenye mkutano wa walimu. Huko nako ameacha alama za vidole, kwenye kitabu katika duka la hoteli. Mtu mmoja, mahali pawili, na pande zote mbili ushahidi hauna tundu. King anakushikilia hapo kwa muda mrefu bila kumtaja shetani wala jini, na wewe unaanza kuwatetea polisi na mtuhumiwa kwa wakati mmoja.

Kinachomshusha ni nusu ya pili. Kiumbe akishapewa jina na tabia zake zikajulikana, hofu inapoa na hadithi inageuka kuwa msako. Msako wenyewe ni mzuri, lakini msako hausumbui usingizi kama ile video.

Kabla ya kulipia, jua jambo moja. Holly Gibney anayeingia humo katikati alianzia Mr. Mercedes (2014), cha kwanza katika mfululizo wa King wa vitabu vitatu, na The Outsider kinafichua yaliyompata muuaji wa mfululizo ule. Ukipanga kuvisoma vyote, anza na vile vitatu. Navyo vina kituko chao: viwili vya kwanza karibu ni upelelezi mtupu, na nguvu za ajabu zinashika usukani katika cha tatu, End of Watch (2016). Anayenunua cha kwanza akitafuta mizimu atamaliza amenuna.

Namba tatu ni Legion cha William Peter Blatty (1983), mwandishi yule yule wa The Exorcist. Luteni Kinderman, polisi mtu mzima wa Georgetown, Washington, anakutana na mauaji yenye mtindo wa muuaji aliyekwisha kufa. Zamani polisi waliwalisha waandishi wa habari maelezo ya uongo kuhusu alama za muuaji huyo, ili wanaojitia kukiri wajulikane mara moja. Maiti hizi mpya zina alama za kweli, zile ambazo hazikuwahi kuchapishwa. Ningekilipia kitabu kizima kwa wazo hilo peke yake.

Ila Kinderman anaongea! Mungu, maumivu ya watoto, mageuzi ya viumbe, kisha mzaha, kisha Mungu tena. Kiingereza chake ndicho kigumu kuliko vyote hapa, na wasomaji wa haraka humkimbia. Mimi namvumilia kama babu anayezunguka mbali kabla ya kufika kwenye hoja. Muuaji wake anamkumbusha mtu Zodiac, muuaji wa kweli wa California, na kuna kisa cha kweli hapo: Januari 1974 gazeti la San Francisco Chronicle lilipokea barua inayohesabiwa kuwa ya Zodiac, ikiisifu filamu ya The Exorcist kama kichekesho.

Namba tano (ya nne inakuja) nakipa Broken Monsters, cha Beukes tena, cha 2014. Detroit, mpelelezi Gabriella Versado, na maiti ya mvulana iliyounganishwa na nusu ya chini ya mwili wa paa. Picha hiyo haitoki kichwani. Wahusika ni wengi mno, na mzimu anachelewa kujionyesha.

Hivi vitatu, The Outsider, Legion na Broken Monsters, vyote vinafungua na mtoto aliyeuawa. Unayemnunulia mtu zawadi, jua anayepokea ana hali gani kwanza.

NOS4A2 cha Joe Hill (2013) sikukipa namba, ingawa watu watakupendekezea. Ni kitabu kizuri cha mtekaji watoto mwenye gari la Rolls-Royce la kishetani, lakini ni mbio tangu mwanzo, hakuna cha kupeleleza. Na It cha King, cha 1986, kina zaidi ya kurasa 1,000. Usianze nacho.

Namba nne nimeiacha mwisho kwa makusudi: Falling Angel cha William Hjortsberg (1978). Ni kifupi, unakimaliza kwa siku mbili, na ndicho ningempa mtu asiye na hakika kama aina hii inamfaa. New York, mwaka 1959. Mpelelezi wa kukodiwa, Harry Angel, anaagizwa kumtafuta mwimbaji aliyetoweka, na anaowahoji wanakutwa wamekufa mmoja baada ya mwingine. Kama umeiona filamu yake, Angel Heart ya 1987, kiruke, kwani pigo la mwisho umeshalila. Kama hujaiona, usisome maelezo ya nyuma ya jalada, usimwulize mtu, na jina la tajiri anayemkodi Harry ukilikuta, lipite kimya kimya. Usilitamke kwa sauti.