TAHADHARI: Muuza kimeng'enya cha E2 anayezungukia maabara za Tanga

Wadau wa maabara, hasa mlioko Tanga mjini, Muheza na Korogwe: kuna jamaa anapita kwenye magrupu ya WhatsApp akiuza "E2 ya binadamu, UBE2D3, safi kabisa, nusu bei". E2 ni kimeng'enya kinachobeba ubikwitini, protini ndogo ambayo seli huibandika kwenye protini nyingine; UBE2D3 ni mojawapo ya E2 hizo. Msimtumie hela.

Anajiita wakala wa kampuni ya Ulaya. Ukimwomba profoma anaituma fasta, nembo imenyooka, muhuri umekolea. Ila malipo anataka yaende kwenye namba ya simu yenye jina la mtu binafsi, na risiti ya EFD eti "inakuja na mzigo". Haiji.

Mzigo wetu ulishushwa stendi ya Kange kwenye boksi jeupe, ndani vipakiti vya jeli vimeshayeyuka, vuguvugu. Kimeng'enya hiki kikiwa cha majimaji huhifadhiwa kwenye nyuzi -70 au -80 na husafirishwa kwa barafu kavu. Jamaa alipoulizwa akajibu kwamba hiki ni cha teknolojia mpya, hakitaki baridi. Zipo kweli protini zinazokaushwa zikawa unga, lakini hiki kilikuwa kinachezacheza ndani ya kichupa! Lebo haina namba ya toleo wala ukolezi. Kona yake ilikuwa imenyanyuka; tukaibandua kwa kucha, tukakuta mabaki ya lebo nyingine chini yake.

Tukakipitisha kwenye jeli ya maabara, ile inayotenganisha protini kwa uzito. UBE2D3 ina amino asidi 147, uzito wake kama kilodaltoni 17, na mkia wa histidini, unaoongezwa ili kurahisisha kuisafisha, hauongezi kitu cha maana. Kwetu ulitokea mstari mmoja mnene kwenye kilodaltoni 66, penye albumini ya ng'ombe. Kwenye 17, peupe. Yaani tumeuziwa kitu ambacho maabara nyingi wanacho kwenye kopo, tena cha bei chee.

Na msiishie kwenye uzito, maana kesho anaweza kuleta E2 ya kweli iliyokwisha kufa njiani. Kazi yote iko kwenye sisteini ya nafasi ya 85, inayobeba ubikwitini; ikioksidika, basi tena. Changanya na E1 (kimeng'enya kinachoikabidhi E2 ubikwitini), ubikwitini, ATP ya kutoa nishati na magnesiamu, upitishe kwenye jeli bila DTT (kemikali inayovunja kiungo cha sisteini na ubikwitini). Iliyo nzima inaonyesha mstari uliopanda kwa takriban kilodaltoni 8.5, na ukitia DTT mstari huo unapotea.

Kabla ya kulipa, dai cheti cha uchambuzi cha toleo hilohilo, tafuta jina la kampuni yake kwenye orodha ya BRELA, wasajili wa kampuni, kisha waandikie watengenezaji wenyewe uwaulize kama wanamtambua.

Namba yake ya kwanza haipatikani tena. Amerudi na nyingine, sasa anauza E1 na antibodi. Sisi tumeshachukua RB polisi. Kama na wewe amekuliza, usitupe boksi wala kichupa, hifadhi ujumbe wa muamala, nitumie meseji tuunganishe malalamiko.