MRI ya sikio ya kusubiri masaa manne: nimefanya, nawapa ripoti

Nyota nne kati ya tano, na ile moja nimeikata kwa ajili ya mapokezi tu, ntawaambia mbele. Kituo sikitaji jina, kipo hapa London na ni cha kulipia, ila nilichokuja kuongelea ni kipimo chenyewe, yani picha za ndani ya sikio zinazopigwa na mashine ya sumaku (MRI), maana kuna watu mnasumbuka na kizunguzungu mnafanyiwa kipimo kingine kabisa afu mnaambiwa mko wazima.

Mi sikio la kushoto lilianza kuziba kama nimetoka kuogelea, likafuata kuvuma, uuuuu kama jenereta la jirani, siku ya tatu nyumba ikaanza kuzunguka nikashikilia kochi masaa mawili natapika kwenye beseni. Nikapelekwa MRI sehemu nyingine, majibu hakuna tatizo. Nikashukuru Mungu, wiki iliyofuata nimelala sakafu ya bafuni. Kumbe ile ya kwanza walikuwa wanatafuta uvimbe kwenye mshipa wa fahamu wa kusikia, wakiukosa wamemaliza kazi, habari za maji ya ndani ya sikio haziwahusu na hakuna aliyeniambia. Hapo ndo nilipochukia.

Iko hivi. Sikio la ndani lina maji ya aina mbili, endolimfu inakaa ndani ya vimfuko vyenye ngozi laini sana na perilimfu imevizunguka kwa nje, yani chukua maji ya kandoro uyatumbukize kwenye ndoo ya maji. Ukiwa na ugonjwa wa Ménière, ndo huu wangu wa sikio kuziba, kuvuma na kizunguzungu, kile kimfuko cha endolimfu kinavimba. Sasa MRI ya kawaida inaona maji tu, yote yanang'aa sawasawa, mfuko unaishia wapi hujui. Kwa hiyo wanakuchoma mkononi dawa inaitwa gadoliniamu, inaenda na damu mpaka sikioni na inapenya taratibu kwenye perilimfu lakini kwenye endolimfu haiingii, na hiyo taratibu ndo masaa manne yenyewe. Ukiingia mashineni dakika tano baada ya sindano hamna mtakachoona. Ukisubiri, perilimfu inatoka nyeupe na mfuko unabaki kama shimo jeusi.

Daktari wangu wa masikio anapenda stori, akaniambia Ménière kaandika habari za ugonjwa huu Paris mwaka 1861, uvimbe wenyewe ukaja kuonekana 1938, hapahapa London na kule Japani, ila kwa marehemu, walipopasua mifupa ya masikio yao. Kuuona kwa mtu anayepumua ikabidi isubiriwe mpaka 2007, Wajapani wa Nagoya, na hao mwanzoni dawa walikuwa wanaipitisha kwenye ngoma ya sikio halafu mgonjwa anarudi kesho yake. Masaa manne nikaona mteremko.

Siku yenyewe: wanaulizia figo kwanza kwa sababu ya ile dawa, afu vyuma vyote nje. Mi nilikuwa na rasta zina vile vipete vya shaba, dada wa pale akavitoa kimoja kimoja, kumi na nne, akaviweka kwenye kikombe cha chai bila kunung'unika, huyo nampa nyota zake peke yake. Sindano asubuhi, afu uko huru, nikaenda kula, nikaagiza chipsi bila chumvi, muuzaji akaniangalia kama nimemtukana. Mashine ni ya Tesla 3 (hiyo ni nguvu ya sumaku yake), na ina kelele jamani, kama mafundi wanagonga bati juu ya kichwa chako, wewe mwenyewe ndo mgonjwa wa masikio! Wanakupa vizibo na hedifoni juu yake. Nusu saa na kitu hivi, usimeze mate hovyo, kichwa kisitikisike.

Majibu yalinifumbua macho. Kuna vimfuko viwili vya usawa wa mwili, kimoja kikubwa kimoja kidogo, kulia kwangu vimekaa hivyo, kushoto kile kidogo kimempita kaka yake. Nilitoa machozi, mwaka mzima naambiwa ni stresi.

Sasa msije mkauza kiwanja kwa ajili ya hiki kipimo. Matibabu yangu hayajabadilika, ni vidonge vilevile vya kizunguzungu, betahistini, na kupunguza chumvi, na mfuko unaweza kubaki umevimba hata kipindi unajisikia vizuri kwa hiyo kurudia kila ukipata shambulio ni kutupa hela. Faida ni kujua ni sikio gani na kwamba hujiumizi kwa mawazo. Mkipiga simu ulizeni tu kati ya sindano na mashine nasubiri muda gani, wakisema unaingia hapohapo sio hiki.

Mapokezi sasa: walinipangia saa tatu, sindano nimechomwa saa tano kasoro, hakuna aliyesema pole, na CD ya picha mpaka niliporudi mara ya pili kuiomba ndo ikaonekana ilikuwa kwenye droo yao muda wote.